Chumvi Haipigwi Rangi: Hotuba kwa Mafundi wa Bodi na Wenye Magari ya Zamani

Mafundi wa bodi, mafundi wa rangi, wenye magari ya zamani, na ninyi vijana mlioanza kushika nyundo juzi juzi: hamjambo nyote, na karibuni.

Tumeombwa tuzungumze juu ya kutu. Tutaizungumzia kutu ya pwani yetu, kutoka Lamu kushuka hadi Mtwara, kwa sababu kutu ya huku ina tabia zake, na vitabu vya kutengeneza magari vilivyoandikwa Ulaya havikumfikiria mtu anayeegesha Land Rover mita mia mbili kutoka baharini. Tutashika magari mawili. La kwanza ni Land Rover za Series: Series II ya mwaka 1958, IIA ya 1961, na Series III iliyotengenezwa kuanzia 1971 hadi 1985. La pili ni Peugeot 504, iliyotoka mwaka 1968 na ambayo wengi wenu mnaiheshimu kwa sababu ilishinda Safari Rally mwaka 1975. Yote mawili bado yanatembea, na yanaoza kwa namna mbili tofauti kabisa. Fundi akiyaelewa haya hatababaika akiletewa Volkswagen au Datsun.

Swali tunaloulizwa kila mara ni hili: gari lilitengenezwa, likapigwa fila (ile pasta ya kujazia mabonde), likapigwa rangi, likang'aa, mbona masika mawili hayajapita na malengelenge yametoka palepale pa zamani? Jibu ni kwamba chumvi ilibaki ndani ya chuma, rangi ikapigwa juu yake. Yote tutakayosema leo yanahusu namna ya kuitoa chumvi hiyo na namna ya kuizuia isirudi.

Tuanze na chanzo. Chuma hushika kutu kikikutana na maji na oksijeni, na si lazima maji yaonekane. Hewa ikiwa na unyevu unaopita asilimia 60 hivi, juu ya chuma hujengeka utando wa maji usioonekana kwa macho. Chumvi huongeza ubaya kwa njia mbili. Kwanza huvuta maji kutoka hewani. Chumvi ya mezani huanza kulowa yenyewe unyevu ukifika asilimia 75, lakini chumvi ya bahari ina kloridi ya magnesi ndani yake, na hiyo hulowa hata unyevu ukiwa asilimia 33 tu. Mombasa, Tanga au Unguja, unyevu haukai chini ya hapo. Kwa hiyo chesisi yenye chumvi ndani haikauki kamwe, hata kama gari linalala ndani ya banda. Pili, kloridi, ambayo ni sehemu ya chumvi yenyewe, hujikusanya chini kabisa ya vishimo vya kutu, na huko haiishi nguvu: huendelea kula chuma huku yenyewe imebaki palepale. Ndiyo maana bati linaweza kusuguliwa kwa brashi ya waya hadi ling'ae kama jipya, na kesho asubuhi vishimo vyake vikawa na vitone vya rangi ya hudhurungi.

Jambo la mwisho kuhusu chanzo: kutu hujaza nafasi kubwa kuliko chuma iliyokila, mara mbili na zaidi. Bati mbili zilizounganishwa kwa nukta za weldi za kiwandani, maji yakiingia katikati yake, husukumwa na kutu mpaka zikafunguka. Ukiona ukingo umevimba kati ya nukta na nukta, usihangaike kuupiga nyundo ulale. Ndani mmejaa kutu.

Sasa ukaguzi. Beba nyundo ndogo yenye ncha, bisbisi kuukuu, tochi, na sumaku. Chesisi ya Land Rover ni boksi la pleti za chuma za geji 14, karibu milimita 2. Ligonge lote, chini na ubavuni, kila baada ya sentimita tano. Chuma kizima hulia. Kilicholiwa kutoka ndani hutoa sauti butu, na ncha ya nyundo huacha kovu au hupenya. Boriti ya nyuma ndiyo hufa kwanza kwa sababu magurudumu huirushia tope na tope hukaa ndani yake. Zifuatazo ni mikono ya pembeni inayobeba bodi, kisha vishikio vya springi, kisha sehemu ya chesisi inayopanda juu ya ekseli ya nyuma. Baada ya chesisi, nenda kwenye ule ukuta wa chuma unaotenganisha injini na dereva. Angalia mahali pa kuwekea miguu, chini ya nguzo za milango, na ukingo ulio chini ya madirisha madogo ya hewa. Wanunuzi wengi hutazama madigadi na boneti wakafurahi. Hizo ni za aloi ya alumini iitwayo Birmabright. Haziwezi kukuambia lolote juu ya afya ya chuma kilicho chini yake.

504 ni kinyume. Haina chesisi iliyotengana na bodi. Bodi yenyewe ndiyo inayobeba gari. Kwa hiyo kutu ya vizingiti vya milango si kasoro ya sura, ni kasoro ya nguvu. Kagua vizingiti, sakafu chini ya zulia, mahali pa kuwekea jeki, vikombe vya juu vya shokapu za mbele, na pembe za chini za kioo cha mbele. Hapa sumaku ina kazi: ikishika kwa unyonge, chini yake kuna fila nene, na mwenye gari anafaa kuambiwa hapohapo, kabla ya bei kukubaliwa.

Tuje kwenye kukata, maana hapa ndipo kazi nyingi huharibikia. Kanuni yetu ni kukata mpaka ufike kwenye bati lililo zima pande zote mbili, kisha kuongeza sentimita mbili. Upande wa ndani mara nyingi umeliwa mbele zaidi kuliko wa nje, kwa hiyo alama unayochora kwa kalamu kwa kutazama nje tu itakudanganya. Toboa tundu dogo, ingiza waya uliopinda ncha, ukwangue uone unatoa nini.

Kwa 504, usikate kizingiti kabla hujafunga mlango kwa nguzo. Chukua bomba la mraba la milimita 25, lichomelee kukatiza uwazi wa mlango, kutoka nguzo ya mbele hadi ya katikati, na lingine liwe la mshazari. Pima ulalo wa uwazi pande zote mbili na uandike vipimo ukutani. Gari liwe limekaa kwa uzito wake kwenye stendi zilizo chini ya ekseli na mikono ya mbele, si kwenye jeki katikati ya sakafu. Kisha kizingiti kipya kinaposhikizwa kwa nukta chache, rudisha mlango, ufunge, tazama nafasi: milimita 4 hadi 5 kuzunguka mlango, sawa juu na chini. Ikiwa juu ni 3 na chini ni 7, gari limekaa vibaya, na huu ndio wakati wa kurekebisha, maana bado ni nukta nne tu za kukata. Fundi aliyechomelea kizingiti chote bila kurudisha mlango huishia kukata bawaba na kupinda mlango wenyewe ili ufungike.

Bati la kiraka liwe na unene wa bati la asili. Kwa bodi ya nje ya magari mengi ya miaka hiyo, geji 20, yaani milimita 0.9, inafaa. Kwa sakafu na miguuni mwa Land Rover tumia geji 18, milimita 1.2. Wengine hufikiri bati nene litadumu zaidi. Haliwezi kuchomelewa vizuri na bati jembamba, kwa sababu moto unaotosha upande mmoja unatoboa upande wa pili.

Mashine inayofaa kwa bati jembamba ni MIG, ile ya weldi inayojilisha waya yenyewe, yenye waya wa milimita 0.6 na gesi ya agoni iliyochanganywa na kaboni dayoksaidi. Acha nafasi kati ya kingo mbili inayolingana na unene wa bati. Weka nukta za kushikiza kila baada ya milimita 25, kisha nukta katikati ya nukta, ukirukaruka kutoka upande mmoja wa kiraka hadi mwingine. Ukishindwa kuweka kiganja juu ya bati, subiri. Usilipoze kwa kitambaa chenye maji: joto lililokusanyika sehemu moja na kupozwa ghafla ndilo linalokunja bati, na boneti iliyokunjika huhitaji siku nzima ya nyundo na doli (chuma cha kukinga nyuma ya bati). Ukishaunganisha, saga kwa diski ya msasa yenye majani, polepole, maana grenda nayo hutia joto.

Mashine ya kawaida ya fimbo ina mahali pake. Kwa chesisi ya Land Rover, fimbo za milimita 2.5 kwenye ampea 60 hadi 80 zinafanya kazi nzuri. Kwa bati la geji 20, ziweke kando. Na kabla ya mashine yoyote: ondoa waya za betri na za oltaneta, fungua tangi la petroli ulipeleke mbali, na kibano cha athi kiwe karibu na unapochomelea, juu ya chuma kilichosafishwa. Weka pia ndoo ya maji na mtu wa kutazama upande wa pili wa bati, kwa sababu zulia na sponji hushika moto bila mtu kuona.

Juu ya viraka vya chesisi tunataka kusema wazi. Kiraka kilicholazwa juu ya chuma kilichooza ni chumba kipya cha kuwekea maji. Kata pleti mbovu, safisha ndani ya boksi, kisha weka pleti mpya iingie mahali pa ile ya zamani, ukingo kwa ukingo. Ikibidi kuongeza pleti ya nguvu ubavuni, ncha zake zikatwe mshazari, kwa umbo la almasi. Ukikata wima, nguvu zote za mtikisiko hukutana kwenye mstari mmoja, na chesisi hupasuka pembeni mwa weldi yako baada ya barabara mbovu kidogo. Kabla ya kuanza, pima mishazari ya chesisi kutoka tundu hadi tundu, kushoto kwenda kulia na kulia kwenda kushoto. Vipimo viwili vikitofautiana kwa zaidi ya milimita chache, chesisi imepinda, na kiraka hakitainyoosha.

Sasa kusafisha. Kwa vitu vidogo, bawaba, mabano, bolti kubwa, ngoma za breki, kuna dawa rahisi iliyo karibu na wengi wetu, nayo ni molasi. Popote kwenye viwanda vya sukari molasi ipo. Changanya sehemu moja ya molasi na sehemu tisa za maji, tumbukiza chuma, funika, uache wiki moja hadi tatu. Itanuka, kwa hiyo weka mbali na jikoni. Molasi huiondoa kutu bila kula chuma kizima, lakini hula alumini na zinki, basi usitie kabureta humo, wala mpini wa mlango uliomiminwa kwa aloi ya zinki. Kikitoka, kioshe kwa maji mengi, kikaushe kwa moto wa kadiri, ukipake mafuta au praima (rangi ya msingi) saa hiyohiyo. Ukikiacha nusu siku, kitakuwa na rangi ya chungwa tena.

Njia ya umeme ni ya haraka zaidi. Beseni la plastiki, maji, na soda ya kufulia, kijiko kimoja cha mezani kwa kila lita tano. Tumia soda safi. Magadi ghafi yanayouzwa sokoni yana chumvi ya kawaida ndani yake, na chumvi ndiyo tunayoikimbia. Chaja ya betri ya volti 12: waya hasi kwenye kitu unachosafisha, waya chanya kwenye kipande cha chuma cha kutupa. Kipande hicho kisiwe cha chuma kisichoshika kutu, kwa sababu maji yatajaa kromu yenye sumu ya saratani. Vipovu vinavyopanda ni hidrojeni, na hulipuka, kwa hiyo fanya kazi nje na zima chaja kabla ya kugusa waya. Usiweke springi wala bolti ngumu za usukani katika beseni hili: hidrojeni huingia ndani ya chuma kigumu, kikakatika bila onyo.

Chesisi nzima haiingii kwenye beseni. Hiyo hupulizwa mchanga kwa kompresa kubwa, na hapa kuna jambo linalotutia uchungu. Mchanga wa ufukweni bado unatumika. Una chumvi, kwa hiyo unapigilia ndani ya chuma kitu kilekile kilichokusudiwa kutolewa, na vumbi lake la silika huharibu mapafu kwa ugonjwa usiopona. Uingereza ilikataza kazi ya namna hiyo kwa mchanga wa silika tangu mwaka 1949. Tafuta garneti (chembe za madini magumu) au makapi ya kuyeyushia shaba, mvae barakoa inayoletewa hewa safi, na msipulize boneti, milango wala paa. Bati pana hutanuka kwa mapigo yale na halirudi bapa.

Baada ya kupuliza, watu wengi hukimbilia praima. Subirini. Osheni chesisi kwa maji yasiyo na chumvi, kwa nguvu, ndani na nje. Visima vingi vya pwani vina maji ya chumvichumvi, ambayo yanafaa kuoshea sakafu, si chuma kitupu. Tumia maji ya mvua au ya bomba, na ukiwa na sehemu ndogo malizia kwa maji ya betri, yale safi, si asidi. Kisha fanya jaribio hili: acha chuma kikiwa na unyevu usiku mmoja. Vitone vyeusi au vya kahawia vikitokea kwenye vishimo huku sehemu nyingine ni safi, kloridi bado imo. Puliza tena pale, osha tena. Mara nyingine inachukua mizunguko mitatu. Mwenye gari atalalamika kuhusu gharama; mwonyesheni vitone hivyo kwa macho yake.

Dawa za kugeuza kutu, zile zenye asidi ya fosforiki au taniki, tunazikubali mahali pamoja: ndani ya maungio ambako brashi haifiki na kukata kungeleta hasara kubwa. Zinahitaji kutu nyembamba iliyoshikamana, isiyo na magamba, na chumvi iwe imeshaoshwa. Na asidi iliyobaki ioshwe, kwa sababu praima ya epoksi haigandi vizuri juu yake.

Kuhusu kutia chesisi zinki ya moto, tuseme kidogo tu. Ni kinga bora kuliko zote kwa Land Rover ya pwani. Chesisi huzamishwa katika zinki iliyoyeyuka, nyuzijoto 450 hivi, ikafunikwa ndani na nje. Lazima weldi zote ziwe zimekwisha, na lazima kuwe na matundu ya hewa na ya kumwaga katika kila chumba cha boksi, kwa sababu maji yaliyonaswa ndani hugeuka mvuke na kulipuka. Ukitaka kuipiga rangi baadaye, usitumie rangi ya mafuta moja kwa moja juu ya zinki. Itabanduka vipande vipande. Anza na epoksi juu ya zinki iliyokwaruzwa. Na anayechomelea chuma chenye zinki aisage kwanza sentimita tano kuzunguka. Moshi mweupe ule huleta homa kali jioni yake.

Land Rover ina ugonjwa mwingine, na huu ni wa ndoa ya alumini na chuma. Metali mbili tofauti zikigusana na maji ya chumvi yakawa katikati, umeme mdogo hutembea na alumini ndiyo inayolika. Utaiona kama unga mweupe chini ya riveti, chini ya bawaba za mlango, na mahali ambapo bati la alumini la mlango limekunjwa juu ya fremu ya chuma. Tiba ni kutenganisha. Fungua, safisha pande zote mbili, piga epoksi chuma na alumini pia, weka sila ya poliurethani au washa ya plastiki katikati, ndipo ufunge bolti. Bolti ya chuma kisichoshika kutu ikigusa alumini bila kitu katikati huzidisha ugonjwa, ingawa yenyewe itabaki nzuri. Na diski ya grenda iliyosaga chuma isiguse alumini, maana hupanda chembe za chuma humo na kila chembe itaota kidoa.

Sasa rangi. Kwanza hali ya hewa. Chuma kiwe na joto la nyuzi 3 angalau juu ya kiwango ambacho umande hutonea, na unyevu uwe chini ya asilimia 85. Pwani, alfajiri na usiku havifai. Saa nne asubuhi hadi saa tisa alasiri, katika kaskazi ya Januari na Februari, ndio wakati mzuri. Mwaga maji kwenye tangi la kompresa kila asubuhi na kila mapumziko, na kichujio cha maji kiwekwe mbali na kompresa, hewa ikiwa imeshapoa ndani ya bomba. Karibu na kompresa maji bado ni mvuke na hupita.

Futa bati kwa dawa ya kuondoa mafuta, si kwa petroli. Petroli huacha mabaki. Vitambaa viwili: kimoja kimelowa kinatangulia, kingine kikavu kinafuata kabla dawa haijakauka. Kisha epoksi, mikono miwili, ukaushe kwa muda ulioandikwa kwenye mkebe. Fila inakuja juu ya epoksi iliyopigwa msasa namba 180, si juu ya chuma kitupu. Fila ya poliesta hufyonza maji, kwa hiyo ikikaa juu ya chuma huwa inakilowesha chuma hicho mwaka mzima, na kwa sababu hiyohiyo haipigwi msasa kwa maji. Isizidi milimita 3. Panapohitaji zaidi, bati halijanyooka bado.

Kipimo cha hadina, dawa ya kugandisha fila, ni gramu 2 kwa kila gramu 100 za fila. Jua likiwa kali, changanya kidogo kidogo badala ya kubadili kipimo sana. Hadina ikizidi, baada ya miezi doa la njano hupenya kwenye rangi nyeupe, na hakuna pasta itakayolitoa. Ikipungua, fila hubaki laini chini na hujikunja rangi ikikauka. Msasa namba 80 kwa kuchonga, 180 kwa kulainisha, kisha praima nzito, kisha 400 hadi 600 juu ya ubao bapa. Puliza vumbi jepesi la rangi nyeusi kabla ya kusugua: nyeusi ikibaki, pale ni bonde.

Kwa bunduki, mdomo wa 1.4 kwa rangi na 1.8 kwa praima, umbali wa sentimita 15 hadi 20, kila mpito ukipanda nusu ya uliotangulia. Rangi ya selulosi ikipata ukungu mweupe, unyevu umenaswa. Tumia thina ya kukauka polepole. Na rangi za kuchanganya na hadina zina isosayanati. Sumu hii haina harufu ya kukuonya, na inaweza kukuachia pumu ya maisha baada ya muda mfupi. Kitambaa puani si kinga, na barakoa ya mkaa haitoshi. Ni hewa ya kuletewa kwa bomba, au tumia selulosi. Magari ya miaka hiyo yana risasi kwenye rangi zake za zamani pia, basi msiyapige msasa makavu bila barakoa, wala watoto wasicheze kwenye vumbi hilo.

Tunawaomba wenye Land Rover msidai ing'ae kama kioo. Kijani cha Bronze Green na krimu ya Limestone havikutoka kiwandani vikiwa hivyo, na vile vipande vya chuma kilichotiwa zinki vinavyozunguka kingo za boksi la mizigo la nyuma havikupigwa rangi. Kuviacha vya kijivu ni heshima kwa gari.

Bampa za kromu zina tabaka la kromu lililo jembamba kuliko unywele kwa mbali sana. Anayezilinda hasa ni nikeli iliyo chini yake. Vidoa vya kutu vidogo visuguliwe kwa karatasi ya alumini iliyoloweshwa maji, kisha nta. Brashi ya waya na msasa hukwangua mpaka nikeli, na hapo bampa imekwisha. Nyuma ya bampa, ambako hakuna atakayeona, piga epoksi.

Kilichobaki ni ndani ya maboksi. Rangi haifiki mle, kwa hiyo ni nta ya kupuliza, yenye mdomo wa bomba refu unaorusha pande zote. Kwa gari zima lita 5 zinatosha. Chuma kiwe kikavu kabisa; lianike gari juani siku mbili tatu, milango wazi, sakafu bila zulia, kabla ya kupuliza. Endelea mpaka nta itoke kwenye matundu ya chini, halafu pitisha waya katika kila tundu ili yasizibe. Oili chafu ya injini, ambayo wengi huipaka chini ya gari, tunaomba iachwe. Ina asidi na masizi, hulegeza bushi za mpira, na siku ya kuchomelea huwaka. Lami nayo ikishapasuka hushika maji kati yake na chuma, na huko nyuma kutu hutembea bila kuonekana.

Nta ikaguliwe mara moja kwa mwaka, kabla ya masika. Baada ya kupita fukweni au kushuka kwenye feri, osha chini ya gari kwa maji baridi yasiyo na chumvi siku hiyohiyo, ukielekeza bomba ndani ya boriti ya nyuma mpaka maji yanayotoka yawe meupe. Na kila unapoosha, pitisha kidole chini ya ukingo wa kila mlango. Matundu ya kumwagia maji ni madogo, na yakiziba kwa vumbi mlango hujaa maji hadi kwenye kitasa.